Asiyenukia Siku ya Idi

Mkomani, Amu
20 Februari 2025

Wifi yangu Nadra,

Assalamu alaykum. Ukitaka kujua hali yangu, mwili mzima, moyo uko pale pale ulipouacha siku ya hitima. Mwanangu Ruba amerudi shule na anakusalimu. Mumeo Gharib hajambo? Kifua cha mtoto kimepoa?

Leo siku kumi na saba tangu ndugu yako Idarus atutoke. Nimo edani, sitoki, na mtu asiyetoka hupekua. Nimefungua mkoba wake wa spana, ule aliokuwa akija nao huko kwenu kila baada ya wiki mbili kutengeneza mashine za boti. Chini kabisa, imeviringishwa ndani ya fulana, nimekuta chupa ya manukato ya kupuliza. Nusu imetumika. Ina picha ya mnazi na maandishi ya Kizungu, na Ruba kanisomea: ya wanaume, ya wakati wa joto. Ati wakati wa joto. Hapa Amu kwani kuna wakati gani mwingine?

Nadra, nimekaa na Idarus miaka kumi na tisa. Kila Alhamisi nilitia udi chetezoni nikafukiza kanzu yake ya Ijumaa, na mafuta ya halud nyuma ya masikio nilimpaka mimi kwa kidole changu. Hakuwahi kujinunulia harufu yoyote. Mume hapa hunukia anavyotaka mkewe. Sasa hii ilitakwa na nani?

Nakuuliza wewe uliye Mkokoni: alipokuwa akija, alilala kwako kila safari? Harufu yenyewe ni tamu. Zaidi ya hapo sikwambii, na sababu ninayo.

Simu sikutumia kwa kuwa yangu inashikwa na kila anayekuja kunipa pole, na yako ni ya Gharib pia. Barua hii nimeigundisha. Ikifika imefunguliwa, niambie.

Wifi yako,
Khairiya


Mkokoni
6 Machi 2025

Wifi Khairiya,

Alaykumu salaam, na Ramadhani njema. Barua imefika nzima, hiyo gundi yako nimeipasua kwa kisu. Sisi wazima. Mtoto amepoa, alhamdulillahi, sasa anasumbua watu kwa kukimbia.

Umeniuma, wifi. "Sababu ninayo" maana yake nini? Umeniweka kundi gani? Yule ni kaka yangu, tumbo moja, na mimi pia nikilala namlilia.

Alikuwa akila kwangu kila safari. Kulala, mara alilala kwangu, mara alisema analala bandani kuzilinda mashine za watu zisiibwe. Mimi sikumfuata nikamchungulia. Gharib alisema mashine za watu ni dhamana, nami nikaamini. Hayo manukato huenda aliachiwa na mtalii wa Kiwayu, watu wale huacha vitu ovyo. Muombee dua mumeo, na chupa itupe.

Wifi yako,
Nadra


Mkomani
18 Machi 2025

Nadra, wifi yangu,

Assalamu alaykum. Saumu zinakwendaje? Hapa tumefika salama kumi la pili, na mahamri ya futari napikiwa na majirani kama mzazi aliyejifungua.

Chupa sijaitupa. Na mashine za boti Mkokoni zimeanza kuibwa lini? Nyumba zenyewe zahesabika, mwizi atakwenda kuzificha wapi?

Nimekaa nikafikiri. Kama yuko mke mwingine, basi na yeye yuko edani kama mimi. Hatii asumini nywelani, nguo hafukizi, hata sabuni anachagua isiyonukia. Siku za kawaida hutamjua. Lakini Idi hiyo inakuja, na siku ya Idi hata kikongwe hujifukiza. Pita nyumba zote, mpe kila mwanamke mkono wa Idi, mkumbatie, unuse. Asiyenukia ndiye.

Usiogope, sitaki kumpiga wala kumuaibisha mtu kwenye nti yake, mbele ya watu wake. Nataka kujua kama ile miaka nilikuwa peke yangu. Nikitoka edani bila kujua, nitazeeka nikimkagua kila mwanamke anayeshuka botini.

Wifi yako,
Khairiya


Mkokoni
4 Aprili 2025

Wifi Khairiya,

Idi njema, Mungu azikubali saumu zetu. Watoto wamekula visheti mpaka wameumwa matumbo. Wewe na Ruba mlishindaje?

Kazi yako nimeifanya, na shingo inaniuma kwa kukumbatia watu. Wote wananukia, wifi. Udi, asumini, wengine wamejimwagia marashi mpaka nguo zimelowa. Asiyenukia nilimpata mmoja tu, kizee mwenye pumu, na mumewe alikuwa ubavuni pake akimchambulia samaki miiba.

Hata mwalimu Gakii, yule mwanamke wa Kimeru, Mkristo, anayefundisha hapa, alikuja kutoa mkono wa Idi. Basi yeye ndiye aliyetushinda sote. Nanasi na nazi, kama mtu aliyemwagikiwa sharubati. Nilimcheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe, nikasema huyu hakuna aliyemfunza kujifukiza.

Kwa hiyo tulia. Mjane mpya hapa hapana.

Wifi yako,
Nadra


Mkomani
10 Aprili 2025

Nadra,

Salamu zangu leo ni fupi. Nanasi na nazi ndiyo harufu ya ile chupa.

Nilikuficha kwa kuwa nilidhani unamjua na utakwenda kumuonya. Kwa hilo nisamehe. Kosa jingine ni langu pia, kumtafuta asiyenukia. Mwanamke wa bara, Mkristo, nani alimwambia habari za eda? Yeye anajipulizia harufu ya mume wangu, na mimi nimekatazwa hata kujipaka yangu.

Muulize Gharib ni dhamana gani iliyokuwa ikilindwa bandani. Nina hasira na maiti, wifi, na sijui niipeleke wapi.

Khairiya


Mkokoni
2 Mei 2025

Wifi yangu,

Assalamu alaykum. Sikuulizi hali, naijua.

Gharib alikana siku sita. Ya saba nilimwambia aape, akaweka kijiko chini. Idarus na Gakii waliozeshwa miaka miwili iliyopita, na Gharib mwenyewe alikuwa shahidi. Walikubaliana utaambiwa wakati ukifika. Sasa simsemeshi ila kwa mambo ya watoto, na akitoka namuuliza anapita ndia gani.

Nilikwenda kwa Gakii. Hakukana. Shati la kaka yangu limetundikwa ukutani mwake. Alisema Idarus alikuwa akiingia ananuka petroli, ndipo akamnunulia chupa mbili alipokwenda Mombasa likizo, moja ya mkobani na moja ya pale nyumbani. Sasa anajipulizia yeye kila asubuhi, asije akaisahau harufu yake. Habari za kifo alizipata siku ya pili, kwa watoto darasani. Akaendelea kufundisha hesabu mpaka kengele ikalia.

Aliniuliza jambo moja tu: kwenu mke akifiwa hufanya nini? Gharib aliona haya kumwambia. Mimi sikutaka kumjibu, wifi, bila ruhusa yako. Niambie nifanyeje. Mimi niko upande wako.

Wifi yako,
Nadra


Mkomani
25 Mei 2025

Wifi yangu Nadra,

Assalamu alaykum. Natumai nyote wazima, na mtoto pia.

Sikukujibu wiki tatu. Ya kwanza nilitunga matusi, ya pili nikayaandika, ya tatu nikayachana.

Mwambie. Mwambie wewe, maana mimi sitamaliza bila kumtukana. Asijitie harufu yoyote, avue dhahabu, asivae nguo za kupendeza, na akitoka shule arudi ndani alale kwake. Nimemuuliza Bi mwalimu wa madrasa, bila kumtaja mtu. Kasema mke Mkristo wa Muislamu naye hukaa eda, na siku huhesabiwa tangu kifo hata kama mtu hakujua. Zake na zangu zinakwisha pamoja, Jumanne tarehe 10 Juni.

Jumatano wanawake watakuja kunitoa eda, kuniogesha na kunivisha. Mlete. Watauliza huyu nani, na nitawajibu mimi mwenyewe.

Idarus sijamsamehe. Huyo mwanamke huenda nikampa mgongo siku nzima, usinilazimishe kumchekea. Lakini mimi nyumba yangu imejaa watu wa pole miezi minne, na yeye hajapewa pole hata na mtu mmoja. Aje akae apewe.

Njooni Jumanne, msingoje Jumatano. Nimemwambia Ruba atandike vitanda viwili.

Wifi yako,
Khairiya