Nyumba Mliyonijengea Haraka

Changamwe, Mombasa

Kaka yangu Ochieng',

Pokea salamu za huku pwani, wewe na wote wa bomani. Mama vipi na miguu yake? Mvua imeshika, mmepanda? Ukiniuliza mimi, napumua, na kwangu siku hizi hiyo si salamu tena, ni habari.

Kemo imekwisha. Nywele zilikwenda, kucha zikawa nyeusi, nayo saratani ikapungua kidogo halafu ikagoma. Imeshatoka kwenye pafu ikaingia mifupani. Jumatatu wamenianzishia dawa nyingine, ya dripu pia, nitakayotundikiwa kila baada ya wiki tatu. Muuguzi wetu, Bi Mwanaisha, mwenyeji wa Kisauni, alinieleza polepole: "Ile ya kwanza ilipiga ugonjwa na mwenyewe pamoja. Hii yaamsha kinga ya mwili wako ipigane. Kupona kabisa sikuahidi, kaka yangu, nisije nikakudanganya. Lakini yaweza kukupa muda, inshallah. Ukiharisha ama kikohozi kikizidi, usikae nyumbani ukangoja, njoo."

Muda! Nilirudi chumbani kwangu nimelishika neno hilo kama mtoto aliyepewa andazi la peke yake. Kufungua simu, nakuta picha kutoka kwa binamu yetu Akinyi: nyumba mpya, mabati yang'aa, kwenye kile kiwanja nilichokuomba miaka nenda miaka rudi, nikiwa bado na nguvu za kubeba magunia bandarini. Kila mara ulisema ningoje. Leo nimebaki mifupa, ndipo umepata mafundi?

Mila zetu nazijua, kaka. Mwanamume asiye na nyumba bomani hazikwi kwa heshima. Jeneza lazima lilale kwake kwanza. Basi hamkunijengea mimi, mmelijengea jeneza. Na kilichonichoma zaidi, nimeitazama picha juu chini, nyumba haina dirisha hata moja. Kweli, maiti haitaki hewa.

Habari ya dawa hamkuniuliza. Wajomba hupiga simu kutaka kujua eti nilivuta sigara kiasi gani, mimi ambaye sijawahi kuvuta. Nina hasira, na sioni haya kuisema. Pia naogopa.

Msalimie Mama, umwambie nakula. Msalimie shemeji, mkeo, ambaye peke yake huuliza nimelalaje. Na Akinyi asigombezwe kwa ile picha, alidhani nitafurahi.

Siwaambii mbomoe. Nyumba nimeipokea. Ila mwite fundi atoboe madirisha mawili yanayotazamana, upepo upite, aniwekee na jiko. Dawa hii ikinipa hata msimu mmoja, nakuja kuishi humo.

Ni mimi mdogo wako, ningali hai,

Otieno