Hisa Ulizoniwekea

Baba,

Hisa nimeziuza. Zote, zile ulizoninunulia kwa jina langu nilipopata kitambulisho. Sijamwambia mtu, na hata kwako nimechelewa, maana hii ni wiki ya sita.

Niliziuza siku ya hitima yako. Nyumba ilijaa wanawake, Mama yuko chumbani ameanza eda, nami nimejificha jikoni na simu. Bei ilikuwa ikishuka tangu wiki uliyolazwa, na kila nikimaliza kuosha vikombe naitazama. Swabra, binti wa Ami, ndugu yako, akachungulia begani kwangu. "We kaa hapo na zako. Wenzio wote washauza." Akacheka, akachukua sinia la vikombe akaenda zake. Mimi nikabonyeza.

Ulikuwa ukitoka kazini bandarini Kilindini, kabla hata hujavua viatu, tunaangalia bei pamoja, na swali lako ni lile lile: "Umesikia nini kuhusu kampuni, na umesikia nini kuhusu watu?" Kuhusu kampuni sikuwa nimesikia lolote. Nilijua hivyo na bado niliuza. Ndiyo maana sokoni Marikiti ulikuwa ukiniachia pesa pale mlangoni, uzunguke kwanza mikono mitupu, na ukirudi nusu ya ulivyovitaka huvitaki tena. Nikiona haya, watu wakinitazama nimesimama na kikapu. Nilidhani unawaogopa wauzaji. Kumbe ulikuwa ukijiogopa mwenyewe.

Lakini siku ile sikuwa nikiwaza pesa, Baba. Nilikuwa nimeshakupoteza wewe. Sikuweza kukaa nikitazama kitu chako kingine kikipungua.

Baada ya wiki mbili bei ikapanda. Ikapita pale nilipouzia, ikapita na ile uliyonunulia. Ningeweza kununua tena, japo chache. Sikununua. Nilisema nitangoja irudi pale pale nilipouzia, kana kwamba bei inanijua na itanionea huruma. Bado naingoja. Nadhani ninachongoja ni kuambiwa kwamba sikukosea.

Pesa zenyewe sijazigusa, ila hazitoshi ada ya mwaka wa kwanza wa chuo.

Na Mama hajui. Kila baada ya magharibi huniuliza, "Amana ya babako iko salama?" Namjibu iko. Jana Ami alituma salamu kwamba yuko tayari kulipa nusu ya ada ya chuo. Atakuja leo akitoka kuswali Ijumaa, azungumze na Mama nyuma ya pazia, na anataka jibu leo, la sivyo fedha hizo ataziingiza dukani kwake. Mama amekataa kabla hajafika. Nilimsikia akimwambia dadake, Khala, "Mwanangu hana haja ya kuombewa. Babake alimwekea." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe sauti yake haikutetemeka. Na sauti hiyo ndiyo nikamnyang'anye?

Wanaume wanapita chini ya dirisha kwenda msikitini. Nina kama saa moja. Mara tatu nimefika mlangoni pa Mama, mara tatu nimerudi. Nikinyamaza, Ami ataondoka na jibu la Mama, na chuo kimekwenda. Jikoni niliuza kwa hofu. Leo nitakuwa nimekipoteza chuo kwa kuona haya tu, na haya hizi unazijua, ni za tangu utotoni.

Mungu akunawirishie kaburi lako, Baba. Nakuahidi nitaingia kabla Ami hajabisha hodi. Nitamwambia Mama yote, hata hiyo ya kungoja bei, na akilia nitakaa papo hapo.

Kwa saa hii moja, hili ni letu mimi na wewe. Usimwambie Mama, hata akikuota. Asikie kwangu.

Mwanao,
Rukia