Fundi Bomba na Askari wa Moyoni

4 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu tele. Kama u mzima, mimi ni mzima kuwapita wazima wenyewe. Mkazamjomba wako anakusalimu, amenuna kidogo kwa kuwa nimekatazwa kubeba ndoo, sasa anabeba yeye.

Ulisikia nilikufa. Ni kweli, ila nilikataa. Nilikuwa chini ya sinki la hoteli, spana mkononi, kifua kikabana kama mtu kanikalia. Mwingine angelia. Mimi nilimaliza kukaza nati kwanza. Hospitalini wakapitisha waya kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, wakazibua mshipa. Nikawaambia, wenzangu, sisi ni mafundi wamoja, ila waya wenu mwembamba mno.

Kumbe damu iliporudi ndipo moyo ukavimba. Nikaelewa kabla daktari hajamaliza: bomba lililokaa kavu, ukilifungulia maji ghafla, linatapika kutu. Sasa wananipa vidonge vya kutuliza huo uvimbe. Ni utafiti, dawa bado inapimwa. Nasikia walitafuta moyo wenye nguvu nchi nzima. Kila Alhamisi muuguzi ananiuliza hali. Juzi nilimwambia nimepanda mlima na bomba la chuma begani. Alicheka, akaandika.

Nakohoa kidogo, vumbi la saruji tu. Simu usijisumbue, barua ndiyo yenye heshima.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Huku ni wazima, duka la dawa ninapofanya kazi lina foleni mpaka mlangoni. Nimepiga simu, mkazamjomba anasema umelala. Wewe, ulale mchana?

Si kutu, Mjomba. Damu iliporudi, mwili uliona nyama ya moyo imejeruhiwa, ukatuma askari wake. Wakaja wengi kupita kiasi, wakapiga hata nyama iliyokuwa ingali hai. Vidonge vyako vinawaambia askari wakae chini. Lakini ni hao hao wanaolinda mapafu yako. Wakikaa chini, kikohozi hakiitwi vumbi.

Nijibu bila mbwembwe: una homa? Unatokwa na jasho usiku? Muuguzi anajua?

Mpwa wako

27 Machi

Mpwa wangu, daktari wa familia,

Marahaba. Sisi hatujambo, mno.

Homa sina, nina joto. Jasho ninalo, godoro linaloa mpaka mkazamjomba wako analianika. Hiyo ni sumu inatoka. Mwili dhaifu hauwezi kutoa jasho la namna ile, ungekauka.

Muuguzi nimwambie nini? Pale kwenye benchi la kliniki ya moyo wagonjwa wenzangu wananiita Chuma. Nikiingia wanasogea nikae katikati. Nikisema nakohoa nitaondolewa kwenye utafiti, na moyo utavimba tena. Waache askari walale, mimi nalinda zamu.

Mwandiko usikushtue, meza hii ina mguu mfupi.

Mjomba wako, Chuma

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Leo sitauliza hali, naijua. Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Nimeshatambua kwa nini hupokei simu: ningesikia kifua chako.

Yule muuguzi anakuamini. Anachoandika kinajumlishwa na cha wengine. Wakiona Chuma hakohoi, watasema dawa haina neno, apewe na mwingine aliyetoka kuzibuliwa kama wewe, naye labda hana mpwa wa kumgombeza.

Kesho asubuhi nawapigia hospitali. Ningependa wakute umeshatangulia. Usiache vidonge kwa uamuzi wako, nenda wakakuone. Kisha niandikie barua isiyo na shujaa ndani yake. Mama alishazika kaka mmoja. Nakuomba.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi si mzima. Nimelazwa.

Nilikwenda mara tu dereva aliponipa barua. Muuguzi akaniuliza, akiwa anacheka tayari, "Chuma, leo umebeba nini?" Nikamwambia sikubeba kitu, na kutoka getini mpaka kwake nimekaa chini kupumua. Akaacha kucheka. Nikamweleza godoro, kikohozi, na kwamba hapajawahi kuwa na mlima. Akayarudia majibu yangu yote ya nyuma, akawa anayakata kwa kalamu mbele yangu. Hakunigombeza. Ningeona nafuu angenigombeza.

Ni nimonia, pafu la kulia. Vidonge wamesimamisha. Daktari anasema askari wakiamka watasaidia pafu, lakini wanaweza kuurudia na moyo. Nilimwuliza ni lipi litatokea. Hajui. Nikamwuliza tena, nikidhani ananificha. Hajui kweli.

Kitanda cha pili yuko kinyozi mmoja, tulikuwa tukikaa naye benchi moja kliniki. Mshipa wake umezibuliwa juzi, wamemweleza habari ya dawa ile ile aamue mwenyewe. Akanigeukia, "Chuma, hebu sema. Ni nzuri?" Mkazamjomba wako akaacha kukunja shuka. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, unanijua.

Nikamwambia huenda ikamfaa, sijui. Mimi nilikohoa nikaficha, ndiyo maana niko hapa na mpira wa hewa puani. Akikohoa, aseme siku hiyo hiyo.

Akanitazama sana. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama naogopa.

Nikamwambia ndiyo.

Mjomba wako