Hema Kwenye Shamba la Mama

Mbaha,
Wilaya ya Nyasa,
Ruvuma.

17 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Ignatio,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naipokea mapema kwa sababu ukishamaliza kusoma barua hii huenda ukasahau. Hujambo? Luisa hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Na mgongo uliokuwa unakusumbua tangu mwaka jana, umepata nafuu au bado unajipaka yale mafuta ya Kichina? Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika asubuhi, ikifika saa nne yananyamaza. Tunamshukuru Mungu.

Huku ni kiangazi. Upepo wa mwera umeanza kupungua na wavuvi wanarudi na usipa wa kutosha. Kanisa letu limeezekwa upande mmoja, upande wa pili tunasali juani. Jirani yangu Eunice, yule uliyeimba naye kwaya, amepata mjukuu wa tatu. Anakusalimu sana. Sikumwomba akusalimu, kwa hiyo bado sijajua anataka nini.

Utashangaa kwa nini naandika barua wakati sote tuna simu. Ni kwamba nimegundua mtandao wako una tabia. Nikikuuliza habari za watoto, sauti inakuja safi kama uko jikoni kwangu. Nikikuuliza lini utakuja nyumbani, unakatika. Karatasi haikatiki. Na mimi nataka tuongee habari za shamba la mama, lile la mtoni, kwa hiyo kaa chini usome polepole.

Kuna mtu amepiga hema pale.

Jumatatu nilishuka asubuhi na beseni la mihogo. Pale mto unapopinda kabla ya kuingia ziwani, maji yanapotulia mpaka unadhani hayaendi popote, chini ya majabali tunapoanika, nikakuta hema la kijani. Kutoka pale hadi kaburi la mama ni hatua hamsini, nimezihesabu. Mbele ya hema alikaa kijana wa miaka kama thelathini, anachemsha chai kwenye jiko la gesi dogo kama kikombe. Akaniamkia vizuri. Nikaitika, lakini macho yangu yalikuwa kwenye viatu vyake. Vilikuwa safi mno kwa mtu aliyefika pale kwa miguu.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anapumzika. Ignatio, mimi nimezaliwa kando ya mto ule na sijawahi kuona mtu akipumzika pale. Watu huenda kuteka maji, kufua, kuoga na kuloweka mihogo, halafu wanarudi nyumbani kupumzika. Mwenye kutaka raha anakwenda Mbamba Bay, nyumba za wageni zipo, vitanda vina neti. Mtu anayeacha kitanda na kuja kulala na mbu anatafuta kitu.

Kwanza nilidhani ni rupia za Mjerumani. Unawakumbuka wale mabwana wenye ramani waliochimba nyuma ya ghala la zamani tukiwa wadogo, wakaacha shimo ambalo mbuzi wa baba alitumbukia? Nikazunguka hema nikijifanya naokota kuni. Hakuna jembe, hakuna sururu. Nikadhani basi ni mawe ya thamani. Lakini wenye mawe hutazama chini, na huyu alikuwa anatazama wanawake. Nikamwonya Eunice asishuke peke yake. Siku ya pili nikaona kwamba hata wanawake hawatazami. Anatazama mikono yao, mahali wanapoinama, halafu anaandika kwenye kidaftari. Wakiondoka anasogea pale na simu, anapiga picha.

Nikaenda kwa Joakim, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Akanitolea daftari la wageni. Jina Frederick, ametokea Mtwara, shughuli mapumziko. Joakim akaniambia si kila mgeni ni mwizi. Nikamjibu kwamba ni kweli, lakini mwizi ndiye anayejaza daftari kwa mwandiko mzuri. Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenye neno moja tu, Mtwara. Mtwara ninamjua mtu mmoja.

Hapo, mdogo wangu, ndipo nilipoanza kukufikiria vibaya. Nilidhani umeliuza shamba la mama bila kuniambia, na mnunuzi amemtuma mtu wake aje alikague. Nilijiuliza kama una shida iliyokuzidi, nikajiuliza kama ni Luisa, nikajiuliza kama ndiyo maana mtandao unakatika. Nisamehe, au usinisamehe, lakini soma kwanza.

Jumatano nikampelekea yule kijana kondowole ya unga wa muhogo na usipa. Haukuwa ukarimu. Mtu akishashiba hujibu maswali. Kumbe yeye naye alikuwa na yake, akaanza kabla yangu. Wale akina mama wanatoka wapi? Ni ndugu zetu? Wamekuwa wakija pale kwa muda gani? Yule anayetoka milimani ni nani? Nikamjibu nusunusu, kisha nikamuuliza kama anamjua mtu anayeitwa Ignatio huko Mtwara. Akasema Mtwara ni kubwa. Nilimuuliza kama anakujua, yeye akanipa ukubwa wa mji.

Alhamisi akapanda nyumbani kuomba kuchaji simu, maana mimi nina ile sola ndogo. Nikaiweka kwenye kigoda karibu na redio, yeye akarudi mtoni kuoga. Haikupita nusu saa ikaita. Si kawaida yangu kupokea simu ya mtu. Lakini kwenye kioo ilitokea sura yako, Ignatio, na ile suti ya kijivu uliyovaa kwenye harusi ya shemeji yako. Nikapokea. Sikusema kitu. Ukasema wewe:

"Frederick, umeshavihesabu? Ni viwanja vingapi alivyouza?"

Ukasema halo mara tatu. Nikakata, nikairudisha kwenye chaji, nikakaa. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo na sikumsikia hata marehemu mmoja.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nakushuku wewe umeuza, wewe unanishuku mimi nimeuza. Tofauti ni kwamba shaka yangu niliibeba mwenyewe kifuani, wewe yako ukaipa hema na nauli.

Frederick aliporudi nilimkabidhi simu nikamwambia Mzee Ignatio alipiga. Kijana akakosa pa kuweka mikono. Sitamsema vibaya, amelelewa. Alieleza yote bila kuzunguka. Kwamba yeye ni mkwe wa rafiki yako, kwamba alikuwa anakuja likizo Songea ukamwomba ashuke mpaka huku, asifikie kwangu, asitaje jina lako, aangalie tu. Kwamba kuna mtu alikupigia akakwambia mashemeji zangu wa Litembo wanashinda mtoni kwetu, na kwamba nimewakatia viwanja. Huyo mtu nitamjua, usihangaike kumficha.

Akafika, akaona vijiti vimechomekwa kando ya maji, kila kimoja kimefungwa tambara la rangi yake. Akavipiga picha, akakutumia. Wewe ukamjibu kwamba hivyo ni vigingi vya mipaka, dada ameshauza, avihesabu. Akapata kumi na tatu.

Nilimshika mkono Frederick tukashuka mtoni. Nikang'oa kijiti cha Eunice, chenye tambara jekundu, nikamwambia aingize mkono kwenye kidimbwi atoe kilichomo. Akatoa muhogo wa siku nne, umelainika kama uji mzito. Harufu unaijua. Alibana pumzi mpaka machozi yakamtoka. Nikamwambia hicho ndicho kiwanja cha Eunice. Kila mwanamke anaweka alama yake ili mwingine asije akaopoa mihogo isiyo yake, na mafundo kwenye tambara ni siku ambazo mihogo imekaa majini. Yule wa milimani ni Bonifasia, dada wa marehemu mume wangu. Analeta maharage, tunabadilishana kwa mihogo, na maji ya kwao Litembo ni ya baridi, mihogo hailainiki upesi. Nimempa kidimbwi, sikumpa ardhi. Akimaliza anang'oa kijiti chake anaondoka nacho.

Frederick akaomba radhi, nikampa. Amekulia mjini, muhogo anaujua ukiwa umeshachemshwa.

Lakini wewe. Wewe uliyafunga matambara yale. Tambara la mama lilikuwa la bluu, limechanwa kwenye shati lako la shule lililokubana, na kila asubuhi kabla ya kengele wewe ndiye uliyetumwa kwenda kuongeza fundo. Siku moja ulisahau, mafundo yakapungua, mama akaichelewesha mihogo ikaoza kabisa. Ulilia kuliko yeye. Leo unatumiwa picha ya vidimbwi vya mama yako mwenyewe, vijiti kumi na tatu na matambara yake, unaona viwanja.

Nimelitafakari hilo kuliko tuhuma yenyewe. Kwamba umenidhania mwizi, naweza kulibeba. Mimi huwadhania watu hivyo kila siku na bado tunasalimiana. Kwamba umeshindwa kuvitambua vijiti, hilo limenishinda. Nimelia, Ignatio. Sikulia siku uliyoondoka, kwa sababu nilijua umeondoka mwili tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo halimo kwenye kidaftari cha Frederick. Mwaka juzi walikuja watu wa ardhi kuandikisha hati za kimila. Kila mtu aliniambia niandike jina langu peke yangu. Walisema una miaka kumi na moja hujakanyaga hapa, hata ibada ya kumbukumbu ya mama hukuja. Mke wa mchungaji mwenyewe alinivuta pembeni akanisihi. Na mimi unanijua. Mimi ni mtu wa kuhesabu vijiko wageni wakishaondoka. Siku ile Joakim aliposhika kalamu nilimwambia aandike Ignatio kwanza, Rosina chini yake.

Kwa hiyo shamba lile haliuziki bila sahihi yako. Hata kama ningeingiwa na wazimu nikataka kuuza, ningelazimika kuja mpaka Mtwara kukuomba uweke sahihi. Ungeniuliza swali moja tu kwenye simu ungelijua hilo, na nakuhakikishia kwamba upande wangu mtandao usingekatika.

Nakala ya hati iko ndani ya bahasha hii. Hati yenyewe inabaki kwangu, usichukie.

Jana Joakim alikuja, maana habari hapa hazilali. Aliniuliza kama nataka jina lako liondolewe, kwa kuwa kamati inakaa mwisho wa mwezi na angenisaidia kulifikisha. Nilimwambia aliache. Nilimwambia hivyo nikiwa na hasira, sijakusamehe hata robo, ili usije ukadhani jina lako limebaki kwa sababu ya msamaha. Limebaki kwa sababu shamba ni la mama na wewe ni mtoto wake. Msamaha ni jambo jingine na hauandikwi na kamati.

Frederick tumemtoa kwenye hema. Analala kwenye chumba cha Tereza, binti yangu, ambaye yuko masomoni Songea. Anakula vizuri na amejifunza kufunga mafundo. Kesho anaondoka na barua hii pamoja na unga wa muhogo uliotoka kwenye vidimbwi hivyohivyo ulivyovihesabu. Bahasha nimeigandisha kwa ugali. Ikikufikia imefunguliwa, niambie, maana njia nzima atakuwa peke yake na mkoba.

Msalimie Luisa. Mwambie simshuku, labda kidogo. Wasalimie watoto, na uwaambie kwamba wana shangazi, kama hujawaambia. Bonifasia anawasalimu. Hajui lolote juu ya mambo haya na sitamwambia, kwa sababu akijua ataona aibu ya kushuka, na sisi tutakosa maharage. Joakim anakusalimu pia, kwa sauti ya mtu anayesubiri kuona utafanya nini.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aupe nguvu mgongo wako, na awe nawe safarini. Nasema safarini kwa sababu nimeisoma barua hii mara mbili na sijaona jibu lake linaloweza kuja kwa posta.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Rosina