Gia Boksi Aliyopewa Sikio

Jumatatu, 3 Machi

Amepewa yeye. Gia boksi ya mashine kubwa ya kuchanganya sabuni — kazi niliyoisubiri miaka minne! Yeye ana miezi mitano tu hapa. Hana stashahada, ufundi kaupata gereji kwa mjomba wake. Lakini leo asubuhi aliegemeza bisibisi ndefu kwenye mashine inayounguruma, akatega sikio kwenye mpini, akafumba macho. Akasema: beringi ya nyuma. Mimi wiki iliyopita niliandika ripoti ya kurasa tatu kwamba ni mota. Tukafungua — beringi ya nyuma.

Sasa karakana nzima inamwita Sikio. Mimi ni Injinia wa Makaratasi.

Fundi Mkuu kasema Sikio akiimaliza vizuri, ndiye kiongozi wa zamu. Mimi nimsaidie. Yaani nimshikie tochi.

Jumatano, 5 Machi

Beringi mpya imeingia. Fundi Mkuu kampigapiga bega. Mimi kaniuliza kama nimefagia.

Alhamisi, 6 Machi

Ananiita dada. Dada, nipe spana ya kumi na tisa. Dada, asante. Angekuwa na kiburi ningepumua!

Leo kaiunganisha mota na gia boksi. Shafti zao kazilinganisha ziwe mstari mmoja kwa jicho na rula tu. Alipoenda kula nikabaki, nikachukua ile saa ya kupimia kama shafti imenyooka, nikazungusha shafti mara tatu. Niliomba iwe imepinda. Haijapinda hata unywele. Nikafuta alama za vidole vyangu kama mwizi.

Nyumbani nimemlalamikia mama mpaka chai ikapoa. Akacheka. Kila siku huyo huyo — mwanangu, umempenda? Nimeondoka mezani. Kumpenda! Ninachokitaka kwake ni lile sikio tu.

Ijumaa, 7 Machi, saa nne asubuhi, chumba cha kubadilishia nguo

Naandika haraka.

Kioo cha mafuta ubavuni mwa gia boksi ni kikavu. Hamna mafuta! Ya zamani aliyamwaga Jumatatu, akasema mapya atajaza mwenyewe leo. Kisha akaitwa ofisini, meneja ampe mkono. Karudi anachekelea mpaka magego yanaonekana — kasahau. Dumu la mafuta mapya liko nyuma ya mlango, lakiri yake haijakatwa. Nimeliona mimi peke yangu.

Mashine ikiwashwa hivi, gia zitasagana kavu. Dakika chache tu, kwisha. Na yeye kwisha.

Meneja kaja na wageni wawili kushuhudia. Kila fundi aliyegusa mashine hufunga kufuli lake kwenye swichi kuu, na hakuna wa kuwasha mpaka kila mmoja afungue la kwake. Sikio kafungua. Limebaki langu. Nimewaambia ufunguo nimeusahau kabatini.

Uko mfukoni.

Nikimnong'oneza, atajaza kwa dakika kumi na cheo ni chake. Nikisema mbele ya meneja — mbele ya meneja! Sentensi nimeshaipanga. Hata sauti nimeichagua, ya huruma kidogo, kama inaniuma. Nikinyamaza, nikafungua kufuli tu... Hapana. Sijafika huko. Mbona basi nimeiandika?

Fundi Mkuu anapiga kelele huko nje: Injinia! Unautafuta huo ufunguo au unauchonga? Wote wanacheka. Na wageni pia.

Nyayo. Mlango unagongwa. Ni Sikio, kaja peke yake. Anauliza kwa sauti ya chini: dada, uko salama? Nisiwe na haraka, anasema, atawaambia wasubiri.

Laiti angegonga meneja; ile sentensi ingetoka yenyewe.