Bluu Iliyozidi

Jumanne, Lindi

Nimekiharibu. Kipande cha tezi ya mama, kile chembamba tulichokibandika kwenye kioo, nimekiacha kwenye rangi ya bluu mpaka kikawa kama wino.

Nyekundu niliipaka vizuri. Vijidudu vya TB huing'ang'ania hata ukiviosha kwa asidi. Bluu hufuata, kidogo tu, ili wekundu uonekane. Kazi hii naifanya kila siku. Leo nilisimama naitazama saa, muda ukapita, mkono ukagoma. Niliogopa kuona.

Dada Zuhura, mkuu wetu wa maabara, akachungulia kwenye hadubini. "Hapa hata kama wadudu wapo, huwaoni. Kimebaki kipande kimoja. Kesho tumia kijani badala ya bluu, haifuniki sana."

Hajui ni cha mama. Kwenye kioo kuna namba tu.

Jioni nikampigia mama simu kijijini, Nyangamara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeshaipima hiyo nyama yangu?"

"Bado. Kesho tunaipaka rangi ya kijani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kama ukili ninaoutia rangi kwa mikeka yangu! Haya, angalieni nisichuje rangi."

Sikuweza kucheka naye. Daktari anashuku mambo mawili. Wekundu ukionekana ni TB, atameza dawa, atapona. Usipoonekana, inabaki saratani, na mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kujua...

Maisha yangu yote namwombea mama afya. Leo baada ya isha nimenyanyua mikono, nikaomba akutwe na TB.