Shangazi Kanyolewa

Nachingwea, Jumapili. Joto na vumbi.

Wiki kadhaa sasa nasoma kitabu kuhusu imani za watu wa Ulaya wa zama za kati. Nilikianza kwa sababu ya filamu moja ngumu, isiyo na rangi, ambayo mara ya kwanza ilinilaza usingizi. Haikuelezi kitu filamu ile. Unatazama uso wa mwanamke aliyeshtakiwa uchawi, amenyolewa kichwa, kisha ukuta, kisha uso tena, na kazi ya kufikiri ni yako. Kitabu ndicho kilichonifungulia: washtakiwa walinyolewa nywele zote, kwa imani kwamba uchawi hujificha humo.

Majuzi niliitazama tena na Kaka Rashidi, alipokuja kunitembelea kutoka Nanganga. Kaka ni msomi, mtu wa ofisini. Alisonya. "Watu hawa walikuwa wajinga sana," akasema.

Nikakubali. Tulijiona tuna akili.

Jana nilikwenda kwake. Nyuma ya nyumba nilimkuta shangazi yetu anayeishi naye, Bi Somoe, kichwa kimenyolewa, kina mikwaruzo ya wembe. Mtoto wa Rashidi ana homa isiyokatika, majirani wakasema ni Bi Somoe aliyemroga. Rashidi mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa mganga akanyolewe.

"Nimefanya hivyo ili maneno yaishe," aliniambia huku anakula. "Hajaumia."

Nami nilinawa, nikaketi, nikala ugali wake.

Hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Nililala hapo, na leo asubuhi nilimwambia Rashidi ampeleke mtoto hospitali leo hii hii. Hakukubali. Nikafunga nguo za shangazi kwenye kanga, nikapanda naye basi.

Sasa yupo chumbani kwangu, amejitanda mtandio. Nimemwambia hapa hakuna atakayemgusa. Nilitegemea alie, au amlaani Rashidi. Akaniuliza kama mtoto amepata nafuu. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, huenda uchawi ninao kweli, ila sijijui."

Kurasa zote zile nilizosoma, na sina sentensi moja ya kumpa shangazi yangu.

Kesho akiamka, nianze na lipi?